Kombe Limekuja, Duka Bado Halina wa Kulifunga

Shohei Ohtani, Justin Wrobleski, Tyler Glasnow, Emmet Sheehan, Blake Snell, Yoshinobu Yamamoto. Hao ndio warushaji sita waliotumiwa na Los Angeles Dodgers kwenye mechi ya saba ya fainali ya besiboli dhidi ya Toronto Blue Jays, mechi iliyoisha 5-4 baada ya inningi 11 (inningi ni zamu ya kila timu kupiga mpaka wapigaji wake watatu watolewe, yaani auti tatu; kwa kawaida mechi ina inningi tisa). Yasome tena majina hayo taratibu. Wanne ni watu wa kuanza mechi, tena wa daraja la juu. Wawili waliobaki ni vijana wa kupewa inningi yoyote inayohitaji mtu. Hakuna hata mmoja aliyesajiliwa kwa kazi ya inningi ya nane na ya tisa. Timu iliyomwaga mamilioni ya dola kwa kazi hiyo ilifika usiku mkubwa kuliko wote, ikafungua kabati, ikakuta sahani za kila siku zimepasuka, ikabidi itoe za wageni.

Dodgers walitwaa ubingwa wa 2025 ukiwa wa pili mfululizo, na hilo halikuwa limefanyika tangu New York Yankees walipobeba ya 1998, 1999 na 2000. Sawa, pongezi zao. Lakini wanaosema kikosi kiachwe kama kilivyo kwa kuwa kimeshinda wamesoma matokeo bila kuitazama mechi. Ujanja wa kuziba inningi ya mwisho kwa mikono ya watu wa inningi ya kwanza unawezekana kwa wiki moja ya fainali. Msimu wa kawaida una mechi 162.

Huku Arusha mjadala ulichelewa, na sababu inajulikana. Intaneti ilizimwa nchini Oktoba 29, 2025, ikaanza kurudi Novemba 3, na katikati hapo ndipo zilipoangukia mechi ya tano, ya sita na ya saba. Wengi walipata matokeo kwanza, picha baadaye. Ile ya saba ilianza saa tisa usiku kwa saa zetu na ikaisha saa moja na ushei asubuhi ya Jumapili, watu wanaelekea ibada ya kwanza. Ukiitazama ukiwa tayari unajua nani ameshinda, macho yanahama: badala ya kufuata mpira unaanza kutazama ni nani anayepasha mkono moto kule nyuma ya ukuta. Ndipo tatizo linapoonekana.

Kwa anayetoka kwenye mpira wa miguu, mambo machache yanatosha. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Ukitaka kuuona umbali huo, nenda uwanja wa Sheikh Amri Abeid, simama kwenye mstari wa goli, tembea mpaka mwisho wa boksi la penati, kisha ongeza hatua mbili kubwa. Kutoka hapo mtu anaachia mpira wa kilomita 155 kwa saa, na mpigaji ana chini ya nusu sekunde kuamua. Mkono huchoka. Tena mpigaji anayekutana na mrushaji yuleyule kwa mara ya tatu katika mechi moja anaanza kumsoma. Ndiyo maana aliyeanza hutolewa kwenye inningi ya tano au ya sita, wanaingia wa akiba, na inningi ya tisa hupewa mtu mmoja maalumu ambaye hapa tumwite mfunga duka. Akitoka ametoka, kama kwenye kandanda.

Isipokuwa Ohtani, ambaye anarusha na kupiga pia. Kanuni inasema aliyeanza mechi akiwa mrushaji na mpigaji kwa pamoja anaweza kutolewa kurusha akabaki anapiga. Kinyume chake hakipo: angeanza kama mpigaji tu, kisha akaitwa kurusha inningi ya nane, timu ingepoteza nafasi ya mpigaji maalumu kwa muda wote uliobaki. Hapo ndipo kocha Dave Roberts aliposhikwa. Kama alimtaka Ohtani arushe hata kidogo, ilibidi amwanzishe, ingawa alikuwa amepumzika siku tatu tu tangu mechi ya nne. Inningi ya tatu, Bo Bichette akaukuta mpira wa kwanza aliorushiwa, slaida (mpira unaopinda pembeni) iliyokaa vibaya, akaupeleka nje ya ukuta: hiyo ndiyo homrani, na hii ilikuwa ya pointi tatu, Toronto 3-0.

Kuanzia hapo Dodgers walikuwa wanakula kwa kijiko kidogo. Pointi moja inningi ya nne, moja ya sita, homrani ya Max Muncy inningi ya nane. Toronto nao walikuwa wameongeza moja. Dodgers wamebaki nyuma 4-3, inningi ya tisa, auti moja imeshapatikana, na anayekuja kupiga ni Miguel Rojas, mwenye umri wa miaka 36, ambaye kazi yake ni glavu na wala si gongo. Rojas alikuwa ameingizwa kikosini kuanzia mechi ya sita tu, baada ya Andy Pages kushindwa kupiga mtoano mzima. Jeff Hoffman alifika naye mpaka hesabu ikajaa, boli tatu na straiki mbili; boli ya nne humpa mpigaji besi ya bure, straiki ya tatu humtoa. Hapo mrushaji hana nafasi ya kupoteza mpira nje ya eneo, na mpigaji analijua hilo. Rojas akaupeleka kwenye viti vya kushoto. 4-4.

Lakini sehemu ya kurudia kutazama, hata mara tano, ni nusu ya chini ya inningi hiyohiyo, zamu ya Toronto kupiga.

Snell anatolewa, wakimbiaji wa Toronto wako besi ya kwanza na ya pili, auti moja. Anaingia Yamamoto, aliyerusha mechi ya sita usiku uliotangulia. Mpigaji wa kwanza anayekutana naye ni Alejandro Kirk; Yamamoto anampiga na mpira mwilini, na Kirk anapewa besi ya kwanza bure. Besi zote tatu zimejaa. Pointi moja tu na msimu umekwisha. Daulton Varsho anapiga mpira wa chini kuelekea besi ya pili, Rojas anaudaka huku anayumba, anautupa nyumbani. Besi zikijaa mdakaji hahitaji kumgusa mkimbiaji; akiwa na mpira mkononi na mguu juu ya bamba, inatosha. Will Smith anaudaka, mguu wake unanyanyuka kidogo kwenye bamba, unarudi chini. Isiah Kiner-Falefa anafika akiteleza. Wanaangalia marudio: auti, kwa unene wa kisigino.

Kwa nini Kiner-Falefa alichelewa? Mkimbiaji huondoka kwenye besi hatua kadhaa kabla mpira haujapigwa, ili ule umbali wa mita 27.43 upungue. Yeye alikuwa karibu mno na besi ya tatu. Ukumbuke kilichotokea usiku wa kabla yake: mechi ya sita iliisha kwa Addison Barger kunaswa mbali na besi ya pili, baada ya Kiké Hernández kuudaka mpira wa kunyooka huko nje na kuutupa besi ya pili papo hapo, auti mbili kwa mpigo mmoja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hofu ya kosa la jana ikazaa kosa la leo. Angekuwa mbele kwa hatua moja zaidi, Toronto wangekuwa mabingwa na sisi tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Mpira uliofuata Ernie Clement aliupiga juu na mbali, kushoto kati. Kiké Hernández anarudi nyuma kuufuata, na Pages, aliyekuwa ameingizwa inningi hiyohiyo kwa ajili ya ulinzi, anatokea kasi, anampanda mwenzake, anaudaka huku wanaanguka wote wawili. Inningi ya 11, auti mbili, Shane Bieber anaachia slaida inayoning'inia katikati, Smith anaipeleka nje ya ukuta, 5-4. Toronto wanaweka mtu besi ya tatu kwa auti moja tu, kisha Kirk, mzito wa mbio, anavunja gongo na kupiga mpira wa chini kwa Mookie Betts: besi ya pili, besi ya kwanza, auti mbili, kombe.

Sasa piga hesabu ya gharama. Mechi ya sita Yamamoto alirusha mipira 96. Kesho yake mingine 34. Mrushaji wa kuanza kwa kawaida hupumzika siku nne, tano au zaidi, na kule Japani alikotoka mtu huanza mara moja kwa wiki. Msimu wa kawaida alikuwa na inningi 173 na theluthi mbili, mtoano 37 na theluthi moja (kila auti ni theluthi ya inningi, ndiyo maana hesabu za besiboli huandikwa vile), jumla 211. Alishinda mechi ya pili, ya sita na ya saba, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali, na hakuna wa kubisha. Ila mkono ni nyama na mishipa. Machi 2026 kulipangwa mashindano ya dunia ya mataifa, na Japani ingemtaka. Anayepanga kikosi cha Dodgers lazima aanze na dhana kwamba Yamamoto wa Aprili hatakuwa na pumzi ya Yamamoto wa Oktoba.

Na haikuwa ajali ya usiku mmoja. Mechi ya kwanza Snell alitoka inningi ya sita akiacha besi zimejaa bila auti. Wa akiba wakaingia, Toronto wakafunga pointi tisa katika inningi hiyo moja, zikiwemo nne za homrani ya Barger kwa Anthony Banda, na mechi ikaisha 11-4. Kuanzia siku ile Roberts alionekana haiamini milango ya nyuma. Mechi ya tatu ilikwenda inningi 18, ikaisha kwetu karibu saa nne asubuhi, maduka ya Soko Kuu yakiwa wazi zamani, kwa homrani ya Freddie Freeman. Iliokolewa na Will Klein, kijana asiye na jina, aliyerusha inningi nne za mwisho kwa mipira 72 bila kuruhusu pointi. Clayton Kershaw, mkongwe aliyekuwa ameshatangaza kustaafu, aliitwa inningi ya 12 besi zimejaa ili apate auti moja tu, akaipata. Mechi ya sita Roki Sasaki aliacha watu besi ya pili na ya tatu bila auti kwenye inningi ya tisa, ikabidi Glasnow, aliyekuwa akitarajiwa kwa mechi ya saba, aingie. Alimaliza kwa mipira mitatu. Angetumia ishirini, sijui ya saba ingerushwa na nani.

Basi hitaji la kwanza ni mfunga duka, na hitaji la pili ni mtu wa kufungulia mfunga duka njia. Mpigaji anakuja wa tatu. Tunajua wengi wataanza na mpigaji, maana homrani huonekana vizuri kwenye simu.

Tatizo la Dodgers halikuwa ubahili. Januari 2025 walimsajili Tanner Scott kwa miaka minne na dola milioni 72, zaidi ya shilingi bilioni 170. Aliachia mechi 10 zilizokuwa mkononi, akamaliza na wastani wa kuruhusu pointi 4.74 kwa kila inningi tisa, kisha jipu likamtoa kwenye mtoano akafanyiwa upasuaji. Kirby Yates walimpa dola milioni 13 kwa mwaka mmoja: 5.23. Blake Treinen, ambaye Oktoba 2024 alikuwa nguzo: 5.40. Evan Phillips alifanyiwa upasuaji wa kiwiko katikati ya mwaka. Brusdar Graterol hakurusha kabisa kwa sababu ya bega. Alex Vesia, wa mkono wa kushoto na aliyetegemewa kuliko wote, alikosa fainali kwa sababu za kifamilia.

Kisa cha Scott kinafundisha zaidi ya vingine. 2024 aliruhusu homrani tatu katika inningi 72. 2025 akaruhusu 11 katika inningi 57. Watu hudhani mrushaji anayepigwa amepoteza kasi au amepoteza shabaha. Scott hakupoteza shabaha; besi za bure alizotoa zilipungua. Na hapo ndipo kasoro ilipo. Zamani alikuwa mkali na mtawanyiko, mpigaji hajui mpira unakuja kifuani au unakwenda vumbini, kwa hiyo anarusha gongo kwa kubahatisha. Alipoanza kuuweka ndani ya eneo mara kwa mara, wakaanza kumsubiri katikati. Mrushaji wa kuanza ana aina nne au tano za mpira za kujificha nyuma yake; wa akiba ana mbili. Moja ikisomeka amebaki uchi.

Ndiyo sababu pia takwimu za watu wa akiba zinadanganya. Inningi 60 kwa mwaka ni kitu kidogo. Upepo, ukuta mfupi, glavu ya mwenzako, na mtu wa 2.00 anakuwa wa 4.00 bila kubadilika chochote mkononi mwake. Kumpa mkataba wa miaka minne ni kununua nyanya za mwezi mzima siku moja pale soko la Kilombero.

Kwenye dirisha la mwishoni mwa 2025 majina yalikuwa manne ya kuzungumzwa kwa uzito. Edwin Díaz aliuvunja mkataba wake na New York Mets kama alivyoruhusiwa, na ndiye aliyekuwa bora: 1.63, mechi 28 alizozifunga, miaka 31. Doa lake ni goti alilolichana Machi 2023 wakati wa kushangilia kwenye mashindano ya dunia, akakosa msimu mzima, ingawa amerudi vizuri. Robert Suarez aliongoza ligi yake ya National kwa mechi 40, lakini alikuwa anakaribia miaka 35 na silaha yake ni kasi, kitu ambacho umri hula kwanza. Devin Williams alimaliza na 4.79 huko Yankees, na bado ule mpira wake unaopunguza mwendo na kupinda ni kati ya migumu kuupiga duniani. Kwa bei ya chini tungemchukua siku ileile. Ryan Helsley aliharibika baada ya kuhamia Mets katikati ya msimu, 7.20, na tatizo lenyewe lilikuwa anajiuza: namna anavyoshika mpira kwenye glavu ilikuwa inawaambia wapigaji kinachokuja. Hilo ni kosa la kurekebishika kwa kamera na wiki tatu za mazoezi. Timu yenye wataalamu kama Dodgers ingeweza kuokota almasi pale.

Chaguo letu wakati ule: Díaz kwa miaka isiyozidi mitatu, au kama bei ingepaa, Williams na Helsley kwa pamoja kwa mikataba mifupi. Scott abaki, arudishwe inningi ya saba, apewe kazi ya wapigaji wa kushoto, apate kupumua.

Sasa fedha, maana hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Besiboli ya Marekani haina kikomo cha mishahara. Ina kodi ya anasa. Kiwango cha 2026 ni dola milioni 244, na hesabu hufanywa kwa wastani wa mkataba kwa mwaka, si kwa fedha iliyotoka mfukoni mwaka huo. Ndiyo maana Ohtani, anayepokea dola milioni mbili tu kwa mwaka kwa sasa na nyingine milioni 68 za kila mwaka zikisubiri baadaye, bado anahesabiwa karibu milioni 46. Timu iliyovuka kiwango mwaka wa tatu mfululizo au zaidi hulipa asilimia 50 ya kilichozidi, na ikizidi kwa milioni 60 au zaidi, kila dola ya juu ya hapo inatozwa asilimia 110. Dodgers walikuwa kwenye ngazi hiyo 2025. Kwa hiyo mfunga duka wa dola milioni 20 anawagharimu milioni 42: yeye 20, kodi 22. Zaidi ya shilingi bilioni 100 kwa mtu anayefanya kazi robo saa, mara tatu au nne kwa wiki.

Kuna na gharama nyingine isiyotajwa vijiweni. Mchezaji aliyepewa na timu yake ofa rasmi ya mwaka mmoja, ambayo mwishoni mwa 2025 ilikuwa dola milioni 22.025, akaikataa, anakwenda na mkia. Timu inayolipa kodi ikimchukua inapoteza nafasi yake ya pili na ya tano kwenye drafti (zamu za timu kuchagua vijana wapya) pamoja na dola milioni moja ya bajeti ya vijana wa kimataifa. Díaz alikuwa na mkia huo. Kyle Tucker, mpigaji wa nje aliyekuwa sokoni, pia. Williams, Helsley na Suarez hawakuwa nao.

Utasikia: "Kaka, mfunga duka wa nini wakati Sasaki yupo?" Alifunga mechi tatu kwenye mtoano, ni kweli, na mpira wake wa kuzama unatisha. Lakini kijana aliyetimiza miaka 24 Novemba 2025, mwenye uwezo wa kurusha inningi 130 huwezi kumfungia kwenye 60. Tena mshahara wake ni wa mwanzo kabisa, kwa kuwa alisajiliwa kama kijana wa kimataifa, bonasi ya dola milioni 6.5. Kumpata mrushaji wa kuanza wa kiwango hicho sokoni ni dola milioni 25 kwenda juu kwa mwaka. Anachokosa ni mpira wa tatu wa kuaminika. Bila huo, mara ya pili wanapokutana naye wapigaji wanakuwa wameshamjua. Wamfundishe huo, wamrudishe mwanzo. Gavin Stone na River Ryan nao walikuwa wanarudi kutoka kwenye upasuaji, kwa hiyo safu ya kuanza ingekuwa na watu wa kutosha, na baadhi ya vijana wangemwagikia kwenye akiba bila kununuliwa.

Kwenye ulinzi wa nje kushoto palikuwa na pengo. Michael Conforto alilipwa milioni 17, akapiga .199 (chini ya mipigo miwili ya mafanikio katika kila kumi), hakuwekwa hata kwenye kikosi cha mtoano. Mpaka fainali aliyesimama pale ni Kiké Hernández, mtu wa kuziba viraka. Pages alipiga homrani 27 msimu wa kawaida kisha .078 kwenye mtoano, kwa sababu walimtupia mipira ya kupinda nje ya eneo naye akaifuata yote. Tucker angeziba pengo hilo kwa miaka, hilo halina ubishi. Ila kwa mfano, mtu wa milioni 40 kwa mwaka anagharimu 84 na mkia wa drafti, na nyuma walikuwepo Josue De Paula na Zyhir Hope waliokuwa wanakomaa kwenye timu za vijana. Mtu wa mwaka mmoja au miwili, wa kupiga kwa kushoto na kukimbia vizuri, angetosha kuwavusha.

Umri nao, kwa hesabu ya Novemba 2025, usisahauliwe. Freeman 36, Rojas 36, Muncy 35, Kiké 34, Betts na Teoscar Hernández 33. Mikataba ya Rojas na Kiké ilikwisha baada ya msimu wa 2025; Rojas tulitaka arudishwe hata kwa glavu tu. Smith aliudaka kila mpira wa inningi zote 73 za fainali, rekodi, na mkono wake ulikuwa na ufa tangu Septemba. Dalton Rushing apewe mechi hamsini hivi, wamwache Smith apumzike kabla goti halijamlazimisha.

Kuhusu kanuni za idadi, kwa ufupi: kikosi cha siku ni watu 26, warushaji wasizidi 13, na Ohtani hahesabiwi kati yao kwa kuwa anafanya kazi mbili. Huo peke yake ni mguu mmoja mbele ya wengine wote. Mrushaji majeruhi anakaa nje siku 15 au 60. Akiwekwa kwenye 60 ndipo nafasi yake kwenye orodha kubwa ya watu 40 inafunguka. Vijana wenye opsheni, yaani wanaoweza kupelekwa kwenye timu yao ya chini ya Oklahoma City na kurudishwa bila timu nyingine kuwadaka, wana thamani kuliko wanavyoonekana: wiki ambayo akiba imechoka unampandisha mmoja, unamshusha mwingine. Graterol na Treinen huwezi kuwachezesha hivyo. Kikosi chenye wazee wengi wasioshushika kinaishia na watu wanane wa akiba ambao watatu hawawezi kutumika leo.

Mikutano ya majira ya baridi ya 2025, ambapo timu hujadili usajili, iliwekwa Orlando mwezi Desemba, na hapo ndipo mfunga duka wa kwanza akichukuliwa bei za wengine hujipanga. Msimu ukianza, mechi za usiku za Los Angeles za saa moja na dakika 10 zitakuwa kwetu saa kumi na moja na dakika 10 alfajiri. Inningi ya tisa itaangukia kwenye saa moja na nusu, daladala za Kijenge zimeshajaa. Weka simu vizuri, tazama geti la nyuma likifunguka, na uone ni nani anayetoka akikimbia kuelekea katikati ya uwanja.